Sura ya Saba: Porsche Katika Tope la Pasaka

Maji yakikupwa pale Feri, Mombasa, gari fupi hupata taabu. Kivuko huteremka pamoja na maji, ulimi wake wa chuma ukalalia saruji kwa pembe kali, na dereva wa saluni aliyeshusha springi kwa ajili ya urembo husikika kabla ya kuonekana: krrr ya kwanza ni bampa, krrr ya pili ni ekzosi. Wasukuma mikokoteni hucheka bila kificho. Nyuma yake huja Probox iliyoinuliwa kwa vipande vya chuma juu ya springi, imejaa abiria mpaka buti halifungi, ikapanda ulimi ule ule kimya kimya na kwenda kusimama mbele kabisa.

Kisa cha Porsche katika Safari Rally, kuanzia 1971 hadi 1978, ukikikamua utakuta kimesimama juu ya nafasi hiyo ndogo iliyo kati ya tumbo la gari na ardhi, na juu ya vyuma vinavyoizuia isipotee. Kasi walikuwa nayo, fedha pia, na madereva ambao kila kiwanda kingewataka. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo, timu iliyokuwa ikiwatesa wenzake huko Ulaya iliondoka Kenya bila kombe. Mara mbili ilikuwa ya pili kwa kisa cha kusikitisha, na mara moja ya pili kwa haki kabisa.

Kwanza tujue mashindano yenyewe yalizaliwaje, maana asili yake inaeleza mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walowezi wa Kenya walikuwa wakishindana kwa magari katika uwanja wa Langa Langa, karibu na Nakuru. Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashiriki. Vincent akakataa. Alisema kuzunguka uwanja mmoja tangu asubuhi hadi jioni kunamchosha. Kama Cecil ataandaa shindano la watu kuingia garini nyumbani kwao, wakaenda nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika akawa mshindi, basi yeye yumo. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth alipokuwa akitawazwa, shindano hilo likafanyika kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, likaitwa Coronation Safari. Kwa hiyo Safari ilitungwa na mtu aliyechoshwa na mzunguko. Porsche, kwa upande wao, walikuwa mabingwa wa mzunguko.

Tuutazame mwaka 1971. Mwezi wa Juni, katika Saa 24 za Le Mans huko Ufaransa, Helmut Marko wa Austria na Gijs van Lennep wa Uholanzi walipokezana usukani wa Porsche 917, gari la mbio lililoundwa kwa kazi hiyo tu, fremu yake ikiwa ya magnesi ili iwe nyepesi. Walimaliza wakiwa wamekwenda kilomita 5,335 kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa. Rekodi hiyo ya umbali haikuvunjwa hadi 2010. Wahandisi wa Porsche wakati huo walijua kutengeneza gari la kustahimili kuliko watu wengine wowote duniani, na sidhani kuna anayebisha.

Lakini miezi miwili tu kabla ya hapo, wakati wa Pasaka, kiwanda hicho hicho kilikuwa kimeleta Afrika Mashariki magari matatu aina ya 911. Mwendo wa Safari ulizidi kilomita 5,000, yaani karibu sawa na ule wa Le Mans. Tofauti ni kwamba Le Mans kila dereva huipita kona ile ile mara mamia, lami imefagiwa, na gari likiguna linaingia kwa mafundi dakika chache baadaye. Huku barabara haikufungwa. Kulikuwa na malori, mabasi, ng'ombe, watoto wa shule, na mvua za masika ambazo haziangalii ratiba ya mtu. Kati ya Porsche tatu ilifika moja, ya Sobiesław Zasada wa Poland, ikashika nafasi ya tano. Mbele yake zilitangulia Datsun 240Z, ya kwanza ikiwa ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, ya pili ya kijana wa Kampala aliyekuja kuwa mfalme wa Safari, Shekhar Mehta.

Porsche 911 ni gari la ajabu kwa kazi hii, na fundi yeyote ukimwonyesha atakuna kichwa. Injini imewekwa nyuma kabisa, hata nyuma ya ekseli. Silinda zake sita zimelala, tatu kulia na tatu kushoto, na hupozwa kwa upepo wa feni. Hakuna rejeta, hakuna maji. Kwa Safari hiyo ilikuwa baraka kubwa. Wenzao walikuwa wakizibwa rejeta na tope au nyasi mpaka injini ichemke, nao hawakuwa na cha kuchemka. Tena uzito ule wote juu ya magurudumu ya nyuma uliwafanya washike ardhi pale penye utelezi. Magari ya Datsun yalifungwa vishikizo na vipande vya kukanyagia kwa nyuma, ili msomaji ramani atoke, aning'inie pale na kuyapa uzito katika matope. Msomaji ramani wa Porsche angeweza kukaa ndani akaendelea na hesabu zake.

Baraka ile ile ndiyo iliyokuwa balaa. Gari likiruka kutoka kwenye tuta na kutua, injini na giaboksi zote zinatua juu ya vyuma vichache vya nyuma. Ukifanya hivyo mara moja hakuna kitu. Ukifanya siku nne mfululizo, kwenye njia iliyochimbwa na malori ya mkonge, kitu kitakatika, na hakitakatika karibu na mafundi wako.

Mwaka 1972 hakikukatika chuma. Zasada na msomaji ramani wake Marian Bień waliendesha kwa utulivu wa watu wanaojua gari lao, wakamaliza wa pili nyuma ya Hannu Mikkola na Gunnar Palm wa Ford Escort. Hao ndio wageni wa kwanza kabisa kuishinda Safari. Hadi hapo kombe lilikuwa la wakaazi wa Afrika Mashariki tu, na wengi waliamini litabaki hivyo milele. Nafasi hii ya pili ya Porsche ndiyo ninayoiita ya haki. Walishindwa na waliokuwa bora. Mwaka uliofuata walirudi, safari hii Safari ikiwa imeingizwa katika ubingwa wa dunia, na hakuna Porsche ya kiwanda iliyofika mwisho.

Halafu ikaja 1974, mwaka ambao wazee waliokuwa wakifuata Safari wanauzungumzia hadi leo.

Björn Waldegård, Mswidi, alikuwa na miaka 30. Mkononi alikuwa na 911 Carrera RS, injini lita 2.7, na kando yake Hans Thorszelius. Mvua ilinyesha mwaka huo kama inayolipa deni. Waldegård alitangulia, akaongeza mwanya, na hesabu za vituo vya muda zikaonyesha kwamba akifika tu, kombe ni lake. Hapo saspensheni ya nyuma ikavunjika. Gari lilitengenezwa likaendelea, lakini katika Safari ya zama hizo kila dakika ya kuchelewa kituoni ilikuwa dakika ya adhabu, na dakika zilizoliwa na matengenezo hazikurudi.

Aliyekuwa akimnyemelea ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho. Watu walimwita Simba wa Kenya, na jina hilo hakupewa bure. Alianza maisha kama fundi. Mwaka 1958 alikuwa mtu wa kwanza kuajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuzunguka barabarani akiwasaidia waliokwama. Fikiria shule hiyo: kazi yake ya kila siku ilikuwa kuona magari yanavunjikia wapi. Mwaka 1965 alishinda Safari na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na timu nyingine. Sasa alikuwa na Mitsubishi Lancer, gari lililotoka kiwandani mwaka mmoja tu kabla, injini lita 1.6, na David Doig akimsomea njia. Ukiziweka Lancer na Porsche kwenye karatasi, hakuna wa kuweka shilingi yake kwa Lancer. Joginder alishinda. Waldegård akawa wa pili.

Magazeti ya Ulaya yaliandika habari ile kama habari ya bahati mbaya. Mimi siioni hivyo. Joginder hakuwa na kasi ya Waldegård na hakujifanya anayo. Alijua mahali pa kupunguza mwendo, na hicho ndicho kipaji ambacho huwezi kukifundisha mtu katika uwanja wa mbio, kwa sababu uwanjani hakuna mahali pa kupunguza mwendo ili gari liishi. Unapunguza ili upate kona. Mtu wa matatu ya Kinango anakijua kipaji hiki vizuri. Ukivuka Feri, ukapita Likoni na Waa, ukafika Kombani na kukata kulia kupanda Kwale, utawakuta madereva waliozeeka na njia hizo kabla hazijaona lami, na kila mmoja anaweza kukuambia ni shimo gani linaloingiwa kwa gurudumu la kushoto na lipi linakwepwa kabisa, hata kama nyuma yako kuna mtu anapiga honi.

Miaka minne baadaye Porsche waliamua kumaliza udhia. Kule Weissach, katika kituo chao cha majaribio ambamo yalikuwa yametoka magari ya Le Mans, yaliandaliwa magari mawili aina ya 911 SC kwa ajili ya Safari peke yake. Yalipakwa rangi nyeupe yenye mistari ya Martini, bluu na nyekundu. Injini ilikuwa ya lita 3, nguvu za farasi 250, na gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,180 hivi. Lakini ukiitazama picha yake, macho hayaendi kwenye injini. Yanakwenda chini. Gari limeinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini, kama mwanamke aliyekunja doti asiloweshe pindo. Tumbo lake limevishwa mabamba ya kinga kutoka mbele hadi nyuma. Mbele kuna mabomba ya kukinga ng'ombe na paa. Hatimaye, walielewa walikuja kupigana na nani.

Gari moja walipewa Waldegård na Thorszelius tena. La pili walipewa Vic Preston mdogo na John Lyall. Uchaguzi huo wa pili ulikuwa wa busara. Preston alikuwa mtoto wa nyumbani. Baba yake, Vic Preston mkubwa, alishinda Safari mwaka 1954 kwa Volkswagen na 1955 kwa Ford Zephyr. Volkswagen ile ya umbo la kobe nayo ilikuwa na injini nyuma, yenye kupozwa kwa upepo, na mbunifu wake alikuwa Ferdinand Porsche mwenyewe. Kwa hiyo mwana alikuwa akiendesha, kwa namna fulani, mjukuu wa gari la baba.

Timu za wakati huo zilikuja na jeshi. Wiki nyingi kabla ya Pasaka, madereva walizunguka njia yote wakiandika kila kona na kila mto. Siku zenyewe, ndege ndogo ilipaa juu ya gari la mashindano ikiwaambia kwa redio kama kuna lori limekwama mbele au mto umefurika. Magari ya mafundi yalitawanywa nchi nzima, yamejaa shokabsoba, ekseli na matairi. Pamoja na hayo yote, gari likizama katika tope la mbuga, msaada wa kweli ulikuwa wanakijiji waliokaa kando tangu alfajiri wakijua kabisa litazama wapi. Walisukuma kwa malipo, na bei ilipanda kadiri dereva alivyozidi kutazama saa yake. Nasikia katika sehemu fulani tope lilisaidiwa kidogo kwa ndoo za maji usiku. Siwezi kuapa, ila siwezi kushangaa.

Pasaka ya 1978 ilikuwa ya mvua. Waldegård alitangulia tena mwanzoni, na tena gari likamwangusha. Alimaliza wa nne. Preston aliendesha kama mtu anayejua mto upi unadanganya, akafika wa pili. Mshindi alikuwa Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa kwa Peugeot 504, coupé ya injini ya V6. Wa tatu, katikati ya Porsche mbili, akaingia Rauno Aaltonen na Datsun 160J. Peugeot ile ya Nicolas ilikuwa na injini kubwa, lakini mifupa yake ilikuwa ile ile ya 504 iliyobeba abiria na mizigo nchi nzima, ile watu waliyoiita Pijo, ambayo kila fundi wa Mwembe Tayari aliweza kuifungua gizani. Kiwanda cha Porsche kilifunga mizigo na hakikurudi tena na timu yake Safari.

Walichojifunza hakikutupwa. Mwaka 1984 Porsche 911 iliyoinuliwa juu na kufungwa mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne ilishinda Paris–Dakar, René Metge akiwa usukanini. Mwaka 1986 Metge alishinda tena kwa 959, na mwaka huo huo ndugu yake 959, aliyeitwa 961, akapelekwa Le Mans na kumaliza wa saba. Safari hii mambo yalikuwa yamegeuka: gari la jangwani lilikuwa limepanda kwenda kwenye lami.

Waldegård naye hakukaa akilia. Kwa magari mengine Safari ilimpenda mno. Alikuwa ameishinda 1977 kwa Ford Escort, akaishinda 1984 na 1986 kwa Toyota Celica, na 1990 kwa Celica nyingine, akiwa na miaka 46. Mwaka 1979 akawa bingwa wa kwanza wa dunia kwa madereva wa rali. Makombe manne ya Safari, na hakuna hata moja la Porsche. Mtu mwingine angeliacha hapo.

Mombasa ndiko kisa kilikokwenda kumalizikia. Kwa miaka mingi Safari ilikuwa na mkondo mmoja wa kushuka pwani na kurudi bara, nasi tukapata usiku mmoja wa taa kali na harufu ya klachi zilizoungua. Baadaye mashindano ya dunia yalijikusanya bara, hata yaliporejea mwaka 2021 yaliwekwa Naivasha, na pwani ikabaki kusoma matokeo. Kilichotufidia ni Safari Classic, iliyoanza 2003 kuadhimisha miaka 50 tangu ile ya kwanza: magari ya zamani, yanayoendeshwa na magurudumu mawili tu, yaliyokimbia siku nyingi katika Kenya na Tanzania. Magari huja kwa kontena kupitia Kilindini. Ukikaa Mama Ngina jioni na sahani ya mihogo na pilipili, utaona meli za magari, ndefu na butu kama ghala linaloelea, zikipita mlangoni huku kivuko kikingoja zipite ndipo kivuke. Ndani ya moja ya meli za makontena, kila baada ya miaka miwili, kulikuwa na 911.

Nyingi zilitoka kwa akina Tuthill wa Oxfordshire, Uingereza, mafundi waliofanya kazi ya kuzisoma 911 za zamani na kuziuliza: ulivunjika wapi? Wakaimarisha pale. Chuma cha nyuma kilichomkosesha Waldegård kombe la 1974 hakikuwa tena siri kwa mtu yeyote. Walikuwa na zaidi ya miaka 30 ya kukikuta kimekatika na kukitengeneza upya. Ndicho walichokosa wahandisi wa Weissach. Wao walikuwa werevu sana na walikuwa na miezi michache. Tuthill walikuwa na muda, na gari lililokwisha kuungama dhambi zake zote.

Novemba 2011 Waldegård alikuja Mombasa. Alikuwa ametimiza miaka 68 mwezi huo huo. Aliwahi kuishinda Classic mwaka 2007 kwa Ford Escort, lakini sasa alipanda 911 ya Tuthill, na aliyekaa kiti cha zamani cha Thorszelius alikuwa mwanawe, Mathias. Baada ya siku tisa za vumbi jororo na mawe alirudi Mombasa akiwa wa kwanza. Miaka 37 ilikuwa imepita tangu saspensheni ile ivunjike. Wapo watakaosema Classic si Safari, kwamba ni mashindano ya wastaafu wenye hela. Kuhusu hela wana haki. Lakini mawe ya Taita hayaulizi umri wa dereva, na vijana waliokuwa nyuma yake walikuwa wengi.

Alifariki Agosti 2014. Mwaka uliofuata Mswidi mwingine, Stig Blomqvist, akashinda Classic kwa 911 nyingine ya Tuthill, na kuanzia hapo orodha ya waliojiandikisha ikawa kama orodha ya karakana ya Stuttgart. Kati ya ushindi huo wa mara mbili, hata hivyo, kulikuwa na 2013. Porsche zilikuja kwa wingi, zimeinuliwa, zimevishwa mabamba, mafundi wao wakiwa wamejaa kila kituo. Ian Duncan, Mkenya aliyeshinda Safari ya 1994 kwa Toyota, akatokea na Ford Capri ya Afrika Kusini yenye injini ya V8, gari lenye pua ndefu na adabu ndogo, akazipita zote.